Salaita na wapagazi wetu

Mhariri, mie wa Malindi, juzi kati tulikua Taveta kwa arusi ya jamaa tukapelekwa kilima cha Salaita. Mashallah mahali pazuri, Kilimanjaro unauona mzima na theluji yake. Lakini hapo hapo unapopigia selfi chini ya mguu wako kuna handaki la Wajerumani la Vita vya Kwanza vya Dunia, bado lipo, limejaa vichaka vya miiba, na tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, wakiwemo wazungu wa Afrika Kusini, walijaribu kukipanda wakapigwa wakarudi nyuma.

Tulielezwa majenerali wote hadi bunduki, wapagazi wetu hata neno moja! Wale waliobeba risasi na unga vichwani, wakafa kwa njaa na tumbo la kuhara kuliko risasi, maelfu kwa maelfu, wengi hata kaburi lenye jina hawana. Huku kwetu Wagiriama walikataa kuchukuliwa upagazi, Mekatilili, yule mama shujaa wao, akasimama nao, na 1914 wakachomewa nyumba na Waingereza. Jamani wanaohusika wekeni bango pale juu liwataje wapagazi, na walimu wa Pwani wapelekeni watoto wakaone.

Msomaji, Malindi