Mama Kulwa, yule baba samaki hujamtendea haki

Mama Kulwa shosti,

Huku wote wazima, dagaa wako wapo, nasubiri tu mtu wa kuaminika anayeshuka Shinyanga nimpe. Sasa tuje kwenye ule ugomvi wetu maana naona umeondoka Mwanza ukijua umeshinda, mi nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni sebuleni, sijakubali hata kidogo.

Unasema Finding Nemo ni katuni ya kuwafundisha watoto kiburi. Eti mtoto kakatazwa kwenda kwenye maji marefu, kaenda makusudi, kamwambia baba yake anamchukia, kabebwa na mzamiaji, halafu mwisho badala ya mtoto kupiga magoti, baba ndo anabadilika. Kwani ulikuwa unaangalia au ulikuwa unachungulia sato wako jikoni? Nemo anakuja kumwambia baba yake kwamba hamchukii, tena akiwa hoi amelala chini, na we ulikuwa umeshaanza kukusanya vyombo. Kuhusu lile la wazungu hawajui malezi, aliyeiongoza ile picha ya 2003, Andrew Stanton, alishaeleza mwenyewe wazo lilianzia wapi, alimpeleka mwanae paki akajikuta kazi yake ni kukataza tu, usiguse hiki, shuka hapo, utaanguka, mpaka matembezi yenyewe yakapita hivihivi. Huyo ni mzazi kama wewe na mimi bana, hakuwa anawatetea watoto, alikuwa anajisema mwenyewe.

Mi nachokataa hasa ni ile kauli yako kwamba wanamcheka mzazi mwoga. Wanamcheka wapi? Kabla hata jina la picha halijatokea, mzia, yule samaki mkali, ameshamla mke wa Marlin, huyo baba yake Nemo, na mayai zaidi ya 400, limebaki yai moja. Moja tu, tena mtoto anakuja kutoka na pezi dogo upande mmoja. Mtu ameyaona hayo utamcheka vipi akihesabu mara mbili kabla ya kutoka nyumbani? Ile katuni imeanza na msiba makusudi, ili ukimwona anakera baadae ujue kero imetoka wapi.

Na hapa nikwambie kitu usikasirike. Mi nadhani ile picha ilikuuma kwa ajili ya Mama yako. Tumekulia wote Kirumba, ziwa lile pale chini, lakini tangu mjomba wako azame na meli ya MV Bukoba ile Mei 1996, nyumbani kwenu maji yakawa mwiko, tukienda Mwaloni we unabaki juu unatushikia ndoo, na mpaka leo mtu mzima na watoto wako huwezi kuogelea hata mita mbili. Sijawahi kumlaumu Mama kwa hilo na silaumu leo. Ulipoona Marlin anaambiwa kwamba ukizuia lolote lisimpate mtoto basi hakuna lolote litakalompata maishani, ukasikia kama wanamsema bibi yake Kulwa. Mi nilisikia tofauti. Nilisikia wanampa pole, alafu wanamwambia kitu ambacho sisi majirani tulishindwa kumwambia.

Shemeji yako anapenda kuhadithia habari za sato, unamjua. Sato jike anabeba mayai mdomoni, yakishaanguliwa vitoto bado vinakaa humohumo, vinatoka kula kidogo, kukitokea hatari vinakimbilia mdomoni tena, na muda wote huo mama mwenyewe karibu hali kitu. Inafika siku vinarudi vinakuta mdomo umefungwa. Basi! Asipofanya hivyo atakufa njaa na wao hawatakua. Marlin ni sato aliyekataa kuufunga mdomo siku hiyo ilipofika, ndo ninavyomwona mimi. (Huyohuyo shemeji yako anadai samaki wa aina ya Nemo kiukweli jike akifa dume linageuka kuwa jike, sasa wangefuata hiyo sayansi si tungepata katuni nyingine kabisa, we ungezima tivii dakika ya kwanza.)

Kuna sehemu nakuunga mkono. Yale mambo ya ndani ya tanki la daktari wa meno, kule Nemo alikowekwa, yanachosha, wale samaki wana mipango mingi utadhani kikao cha harusi. Yule binti wa meno ya waya wamemwonea pia, katoto tu hakajui kubeba samaki, wakampigia muziki kama muuaji. Na Dory, yule samaki anayemsaidia Marlin kumtafuta mwanae, umesema kweli, mwanzoni wanachekesha watu kwa ugonjwa wake wa kusahau, hapo hata mi nilijisikia vibaya. Ila angalia nani aliisoma ile anwani ya Sydney alikopelekwa Nemo, na nani hakuiacha kichwani wakati kila kitu kingine kinampotea. Bila huyo mgonjwa Marlin asingefika popote. Wale papa wanaokaa kikao cha kuacha kula samaki sina la kusema, hebu mtu aende akawaambie sangara, walioletwa ziwani miaka ya 1950 wakawamaliza furu wetu, wale samaki wadogo wa ziwani, uone kama watahudhuria.

Sasa lile tukio la wavu, hapo ndo nilitaka kukupigia kelele. Doto alisimama akashangilia wavuvi! Nilicheka mpaka machozi, mtoto wa Kisukuma ameona wavu umejaa unapanda yeye anajua ni neema, akauliza mbona wanawaachia wakati mboga ile. Kelele zile ndo zikakufanya usione kilichoendelea. Dory yupo ndani ya wavu, Nemo anataka awaambie samaki wote waogelee kwenda chini kwa pamoja, na anamwomba baba ruhusa. Anaomba, Mama Kulwa! Yule mtoto uliyesema ana kiburi, safari hii hajaendelea mpaka ameruhusiwa. Na baba, ambaye hajamaliza hata dakika chache tangu ampate, anamwachia. Ungekuwa we ungemwachia? Mi sijui kama ningeweza, nakwambia ukweli, na ndo maana nasema ile picha ni ya wazazi kuliko watoto, watoto walikuwa wanaangalia kasa na rangirangi.

Haya, ombi langu. Kulwa aliniuliza pembeni siku mnaondoka kama anaweza kuja Desemba ajifunze kuogelea. Sikumjibu, nilimwambia nitaongea na mama yake, kwa hiyo ndo naongea. Sisemi ziwani, najua kichocho na mambo mengine, nasema bwawani kwenye hoteli moja huku karibu, maji ya kiunoni, mwalimu ni mama mtu mzima na mi nitakuwa nimekaa pale pembeni muda wote. Doto akitaka naye aje, asipotaka abaki na shemeji yako wakila sato.

Ukikataa nitaelewa ila unipe sababu zako mwenyewe, usinisingizie Nemo. Na kama Mama atauliza mwambie ni mimi nimeanzisha, anipigie.

Wako,
Mama Juma