Mdogo wangu, sifuri ya mwanao imepotelea mdomoni

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini mmeamka salama huko Kibaigwa. Haya ningekupigia simu tukayamaliza, ila nimeona niyaandike hadharani, maana wazazi wengi wenye watoto wa darasa la nne wana kilio kama chako.

Nilipolala kwako Pasaka nilifungua daftari la hisabati la mwanao. Walikuwa wameambiwa waandike kwa tarakimu idadi ya watu wa mkoa wetu wa Dodoma katika Sensa ya 2022: milioni tatu, elfu themanini na tano, mia sita ishirini na tano. Akaandika 385,625, akakosa. Nawe ukasema mbele yake kwamba kichwa chake hakipokei hesabu.

Neno hilo usilirudie, nakuomba. Mtoto aliandika kila alichosikia, hakuruka hata kimoja. Kilichomponyoka ni sifuri, na sifuri haitamkwi. Namba yenyewe ni 3,085,625. Kati ya milioni tatu na elfu themanini pana nafasi ya laki. Haina kitu, kwa hiyo tunaposoma tunaipita kimya kimya. Sifuri ilipotoka, ile 3 ikasogea kutoka milioni ikawa laki, na watu 2,700,000 wakatoweka kwenye karatasi.

Jioni ile, mkiwa jikoni, nilimtoa nje tukachimba vishimo saba mchangani, kama vya bao lakini kwenye mstari mmoja. Kuanzia kulia: mamoja, makumi, mamia, maelfu, makumi elfu, laki, milioni. Kete zetu zilikuwa mbegu za ubuyu. Sheria ni moja: shimo halipokei zaidi ya mbegu tisa. Ya kumi ikiingia, zote kumi zinatoka na moja inahamia shimo la kushoto. Nikamsomea ile namba taratibu, akapanga. Alipofika shimo la laki akasita, akaniuliza kama alifukie kwa kuwa halina mbegu. Nikamwambia alifukie aone. Akalifukia, akahesabu mashimo, yakawa sita. Alinyamaza kidogo, kisha akalichimba upya mwenyewe. Sikumweleza zaidi.

Lugha yetu nayo ina mitego yake, tusiwaonee watoto. Mtu akikwambia "elfu ishirini na tano", anaweza kuwa na maana ya 25,000 au 20,005. Mkato tunauweka kila baada ya tarakimu tatu kutoka kulia, lakini mdomo unataja laki, inayokaa ndani ya kundi la maelfu, mwanzoni mwake. Watu wa Jiji la Dodoma, katika sensa hiyo hiyo, ni 765,179. Mmoja atasoma laki saba, elfu sitini na tano, mia moja sabini na tisa. Mwingine ataanza na mia saba sitini na tano elfu. Wote wako sawa, na mtoto anayewasikia wote wawili lazima ababaike. Hata wakubwa tunababaika. Kwenye kikoba chetu mama mmoja alitaja deni lake "laki tatu na sita", likaandikwa 360,000. Yeye alimaanisha 306,000. Shilingi 54,000 ziligombanisha watu wazima wiki nzima, na sifuri ilikuwepo muda wote, imekaa tu upande usio wake.

Kulinganisha, mwanao anakosea kwa sababu anatazama tarakimu ya mbele peke yake. Kwake 98,750 ni kubwa kuliko 102,300 kwa kuwa tisa ni kubwa kuliko moja. Mfundishe ahesabu kwanza tarakimu ziko ngapi. Zikilingana idadi, ndipo aanze kushoto, nafasi kwa nafasi, hadi pale zinapotofautiana. Mpe hizi mbili: Dodoma mwaka 2012 ilikuwa na watu 2,083,588, na Singida mwaka 2022 ilikuwa na 2,008,058. Milioni sawa, laki sawa, zote sifuri. Kwenye makumi elfu Dodoma ina 8 na Singida haina kitu, basi Dodoma ile ya zamani ndiyo kubwa. Hapo aishie, tarakimu zinazofuata hazibadilishi jibu.

Kukadiria ni kwepesi akishaijua nafasi. Aambiwe akadirie 3,085,625 kwa kukaribia laki: atazame jirani wa kulia wa laki, yaani makumi elfu. Ni 8, na kuanzia 5 kwenda juu laki inaongezwa moja, kwa hiyo jibu ni 3,100,000. Kwa kukaribia maelfu ni 3,086,000. Kwa kukaribia milioni ni 3,000,000, kwa sababu jirani wake ni ile sifuri ya laki. Namba moja, majibu matatu, na yote ni sahihi kulingana na nafasi uliyoulizwa. Angalia tu asije akaandika 31 na kuziacha sifuri za nyuma. Mweleze pia kwamba tunakadiria tunaposimuliana habari za sensa au mavuno. Pesa ya mtu haikadiriwi.

Mbegu za ubuyu mkishamumunya msizitupe, mkusanyie kopo zima. Jumamosi mwachie uwanja, achimbe vishimo vyake saba, umsomee Singida mara moja tu: milioni mbili, elfu nane, na hamsini na nane. Mashimo matatu yatabaki wazi. Usimwonyeshe ni yapi. Akimaliza, nipigie umpe simu aniambie mwenyewe.

Msalimie shemeji na watoto wote.

Dada yako, Dodoma mjini