Nani aliyemtungia katuni majibu?

Mhariri,

Vyuo vya ualimu vinazidi kuvutiwa na madarasa ya kuigiza, ambamo mwalimu tarajali wa hisabati hufundisha wanafunzi wa katuni kwenye skrini kabla ya kukabidhiwa watoto wenyewe. Sina ugomvi nayo. Mwalimu akivuruga somo la sehemu, kama nusu na robo, mbele ya katuni, hakuna mtoto anayeumia. Tatizo ni kwamba kila usawa unapotajwa, mazungumzo huishia kwenye vifaa: nani ana kompyuta, nani analipia leseni. Mimi nauliza nani aliyetunga mawazo ya huyo mwanafunzi.

Chukua 52 kutoa 27. Ni rahisi kutunga mtoto anayeandika 35 kwa sababu ametoa 2 kwenye 7 badala ya kukopa, na mwalimu tarajali hulizoea kosa hilo upesi. Sasa mlete mtoto aliyehamia kutoka nchi nyingine. Anaongeza 10 kwenye ile 2 ya juu, kisha anafidia kwa kuigeuza 2 ya chini kuwa 3. Kumi na mbili kutoa 7 ni 5. Tano kutoa 3 ni 2. Jibu ni 25, sahihi kabisa, na njia yenyewe imefundishwa shuleni katika nchi nyingi. Mwalimu ambaye hakuwahi kuiona kwenye uigaji atakachoona ni 27 iliyochafuliwa ikawa 37, na kalamu nyekundu itashuka hapo hapo.

Kuwapaka katuni rangi mbalimbali za ngozi hakutibu hilo. Tena kunaweza kudhuru, iwapo mwenye jina la kigeni ndiye kila siku anayekosea au kupiga kelele.

Halafu kuna lafudhi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta mifumo mitano ya kampuni kubwa, ya kugeuza usemi kuwa maandishi, ikikosea wastani wa maneno 35 katika kila 100 ya wasemaji weusi, na 19 ya wazungu. Mashine ya namna hiyo ikipewa kazi ya kumpa mwalimu tarajali alama za maelezo yake, tumeshamwonea kabla hajashika chaki.

Chuo Kikuu cha Michigan wametumia njia isiyohitaji hata skrini: mtu mzima huigiza mwanafunzi kwa kufuata kanuni zilizoandikwa za jinsi mwanafunzi huyo anavyofikiri, na mwalimu tarajali humhoji mpaka azing'amue. Uzuri wake, ukiacha unafuu, ni kwamba kanuni ziko kwenye karatasi. Mtu yeyote anaweza kuzisoma na kuzipinga.

Basi chuo kinachonunua programu kidai kwanza kuonyeshwa kanuni za jinsi katuni zake zinavyofikiri, kisha kiwape walimu wa madarasa yenye watoto wa lugha nyingi wazikosoe na kuongeza zao. Muuzaji akikataa kuzionyesha, asilipwe.

Mkufunzi wa walimu wa hisabati