CD za gemu bado zina kazi

Mhariri,

Vijana wa banda langu la gemu hapa Kisauni hawaishi kuniuliza, "Mama, Steam Deck utaleta lini?" Ni mashine ya gemu ya kushika mkononi, nao wanajua yote: kwamba kampuni ya Valve waliitoa 2022, kwamba ndani ni kompyuta kamili inayoendeshwa na mfumo wa Linux, na kwamba 2025 jina la Xbox likatiwa kwenye mashine ya mkononi ya ASUS inayotumia Windows.

Sikatai, zina raha yake. Hulipi ada ya mwezi ili ucheze mtandaoni, na nafasi ikijaa, fundi hufungua akaweka hifadhi kubwa zaidi. Tena PlayStation na Xbox zenyewe zinatumia prosesa za aina ya kompyuta tangu 2013.

Lakini mimi riziki yangu iko kwenye CD. Nanunua kuukuu, vijana wakiichoka nauza, au nabadilishana na mwenye banda wa mtaa wa pili. Hizi mpya za mkononi hazina pa kutia CD. Kila gemu ni ya kushusha, na kubwa hupita GB 100. Kwa bando la nani? Na stima ikipotea katikati, tubaki tunaangaliana!

Hata PS5 (PlayStation 5) kuna isiyo na tundu la CD. Kijana mmoja alikuja nayo kwangu, anaigeuza huku na huku, CD ya kuazima mkononi. Wauzaji wa mjini, jamani, mwambieni mnunuzi kabla hajalipa.

Mama Gemu,
Kisauni, Mombasa