Gati tatu tunazo, meli ndogo ziko wapi? Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kutoka Lamu. Kila ugeni ukija Manda, ilipo Bandari ya Lamu, husomewa yale yale: kina cha mita 17.5, mpango wa gati 32. Kina si shida. Gati tatu za mita 400 kila moja zinatosha kwa sasa, na tunakuomba ukikaa na nchi rafiki usianze na gati ya nne.

Anza na meli ndogo. Meli kubwa ikishusha kontena Lamu, nyingine ndogo huzipeleka Zanzibar, Mogadishu au Komoro. Kontena moja hulipiwa kushushwa, hulipiwa kupakiwa tena, wala haigusi barabara. Lakini mwenye meli hashushi kontena 300 asipojua zitaondoka lini: siku za kuhifadhi kontena bure zikiisha uwanja unadai ada, na kontena la friji linakula umeme usiku kucha. Kwa hiyo mkataba na nchi hizo utaje siku ya wiki meli ndogo itakapoondoka, siyo "ushirikiano" mtupu. Utaje pia meli yenye winchi zake. Moroni, mji mkuu wa Komoro, maji ni mafupi. Meli kubwa hutia nanga nje, mzigo ukashushwa kwa matishali.

La pili ni karatasi. Machi 2012 mradi wa LAPSSET, wa bandari hii na njia za kuiunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini, ulizinduliwa na viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016. Ethiopia haimo, na soko kubwa ndilo hilo. Lori la Addis Ababa hutoka kwa dhamana ya forodha, yaani ahadi ya wakala kulipa ushuru mzigo usipovuka mpaka, na dhamana haifunguki mpaka ithibitike kuwa mzigo umevuka mpakani Moyale. Uthibitisho ukichelewa, wakala hana dhamana ya lori linalofuata, nalo linalala getini. Ombeni dhamana moja inayotambulika pande zote mbili, ijifunge yenyewe kwenye mfumo lori linapovuka.

Na majahazi, ambayo hayamo katika michoro. Bamvua likitoka, maji hushuka karibu mita tatu. Jahazi likifungwa kwenye gati la meli kubwa, baharia anatazama ukuta juu ya kichwa chake na gunia begani. Ngazi ya mawe pembeni, iliyoshuka hadi maji ya chini kabisa, yenye pete za kufungia kamba na mipira ya kuzuia msuguano, ingetosha. Hiyo haihitaji mkopo wa nje.

Wako,
Manahodha na mawakala wa forodha, Lamu