Wanafunzi wa kemia hawachelewi, wanasubiri mashine

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji aliyeuliza kwa nini wanafunzi wa uzamili wa kemia huku magharibi mwa Kenya wanakaa miaka minne au mitano katika kozi ya miaka miwili, na mwishowe wanatoka na kichupa cha unga. Akalalamika kwamba kodi yake inatumika kuchemsha magugu maji. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika chuo kikuu kimoja cha umma. Hao anaowasema ndio ninaowafungulia mlango kila asubuhi, na hayo magugu siku nyingine tunayachemsha pamoja. Kuna mahali msomaji huyo amesema kweli. Mahali pengine amempiga asiyekosa.

Kwanza huo unga. Mwanafunzi huchukua majani, yawe ya mwarobaini au ya gugu maji lenyewe, akayachemsha, akachuja, akachanganya supu yake na chumvi ya zinki. Kinachotuama chini hukikausha, kisha hukitia katika tanuri la nyuzi 500 kwa saa kadhaa. Kinachotoka ni oksidi ya zinki, nyeupe kama unga wa muhogo, ila chembe zake zina upana wa makumi machache ya nanomita. Unywele wako mmoja una upana wa nanomita 80,000 hivi.

Chembe hizo zikipigwa na jua, mwanga hung'oa elektroni mahali pake na kuacha pengo. Elektroni hiyo na pengo lake zikikutana na maji na oksijeni, huzaa vipande vikali vya molekuli ambavyo hutafuna uchafu ulio karibu, rangi, dawa ya kuua wadudu, hata sumu ya mwani. Hiyo ndiyo fotokatalisisi. Unga wenyewe hauliwi, unaweza kuuchuja na kuutumia tena. Na kwa kuwa msomaji wenu anadharau wanafunzi, nimkumbushe kwamba Akira Fujishima alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu huko Tokyo mwaka 1967 alipoona titani dioksidi, inayotumia mwanga kama oksidi ya zinki, ikipasua maji kwa nguvu ya mwanga huo. Makala yake na msimamizi wake, Kenichi Honda, ilitoka mwaka 1972, na utafiti huu wote umeota juu ya mgongo wa makala hiyo.

Laiti msomaji angepanda nasi juu ya paa mwezi wa Februari. Binti mmoja, simtaji jina, aliweka miligramu 50 za unga wake katika mililita 100 za maji yenye methilini bluu, rangi ya buluu ya maabara. Kwanza alikifunika chombo kwa karatasi ya alumini nusu saa nzima, maana unga hunywa rangi kama kitambaa, na usipousubiri ushibe gizani utajidanganya kwamba umeiharibu rangi kumbe umeificha tu. Kisha akafunua. Kila baada ya dakika 15 alichota kidogo, akakizungusha kwenye sentrifuji ili unga utengane, akapima rangi iliyobaki. Baada ya saa mbili alikuwa na mirija tisa dirishani, wa kwanza buluu kama wino wa shule ya msingi, wa tisa maji matupu. Wenzake walianza kupiga picha. Mimi niliuliza habari ya chombo cha pili, kile kisicho na unga. Kilikuwapo, na rangi yake ilikuwa imepauka kidogo, kwa sababu rangi hii hupauka juani yenyewe kama kanga iliyosahaulika kambani. Asiyeweka chombo hicho cha pili simsaini daftari. Wananiona mkali, na sijali.

Kazi ya paa tunaifanya kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Baada ya hapo mawingu ya Kisumu hayana adabu.

Sasa pale aliposema kweli. Hakuna mtu mtaani Nyalenda anayekunywa methilini bluu. Tunaitumia kwa sababu ni rahisi kununua na macho huona ikitoweka, lakini maji yetu ya kujaribia ni maji yaliyotoneshwa, safi kuliko mvua. Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria ulioko hapa Kisumu, si hivyo. Teremka ufuo wa Dunga wakati maji yamegeuka kijani kama rangi ya ukutani utaelewa. Ule ukijani ni bakteria waitwao Mikrosistisi, na sumu yao hushambulia ini. Kuchemsha maji hakuiondoi. Hapo ndipo unga huu ungekuwa na kazi ya maana. Lakini maji ya ziwa yana tope linalozuia mwanga, yana mabaki ya majani yanayogombania vile vipande vikali, na zinki ikiyeyuka humo huwaumiza samaki. Isitoshe, oksidi ya zinki na titani dioksidi zote hutumia miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya nuru ya jua inayotufikia. Ili unga utumie mwanga unaobaki, inabidi uuchanganye na kitu kingine, uupime upya, uone umebadilika vipi. Hayo ni maswali ya mwaka wa pili na wa tatu wa utafiti. Wanafunzi wetu hawayafikii. Miaka hiyo wanaimaliza wakisubiri.

Yule binti wa mirija tisa alipika unga wake wa pili mwezi wa Aprili. Tanuri lilikuwa limefika nyuzi 400 na ushee alipokuja mbio ofisini kwangu, "Mzee, stima imepotea." Ilirudi usiku. Asubuhi tulipofungua, unga ulikuwa wa rangi ya panya, majani hayakuungua yote, na chumvi ya zinki iliyotumika ilikuwa imenunuliwa kwa pesa za mfukoni mwake. Alirudia. Mara ya tatu ukatoka mweupe.

Hapo ndipo kungoja kulipoanza hasa. Huwezi kuandika katika tasnifu kwamba una chembe za nanomita 20 kwa sababu unga ni laini kidoleni. Unahitaji mashine ya eksirei inayosoma mpangilio wa fuwele, kwani upana wa vilele vya mchoro inaoutoa ndio unaokupa ukubwa wa chembe. Unahitaji na hadubini ya elektroni, uone umbo lake. Sisi hatuna hata moja kati ya hizo mbili inayofanya kazi. Basi unga unafungwa katika kichupa kidogo kuliko cha ugoro, unatumwa nje ya nchi kwa rafiki wa rafiki wa msimamizi, na unapimwa mashine ikipata nafasi. Nilimsindikiza binti kwenye ofisi ya kutuma vifurushi. Karani alikitazama kile kichupa cha unga mweupe, akatutazama sisi, akamwita mkubwa wake. Tulieleza kemia pale kaunta kwa dakika arubaini. Tukarudi chuoni kutafuta barua yenye muhuri, na kifurushi kikaondoka siku tatu baadaye.

Matokeo yamechukua miezi saba, na sampuli mbili kati ya tano lebo zake zimefutika njiani.

Nisemalo linaweza kuwaudhi wakubwa, ndiyo maana naomba jina langu msilichapishe. Kila chuo kinataka kununua mashine yake ili ionekane katika kalenda na siku ya wageni. Naijua moja iliyofunguliwa kwa utepe na keki. Ilifanya kazi chini ya miaka miwili. Kipuri kimoja kikafa, mkataba wa matengenezo haukuwa umelipiwa, na sasa imefunikwa shuka, juu yake pamewekwa katoni za karatasi za mtihani. Kununua ya pili haitasaidia kitu. Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga pale Bondo na Kibabii vyote viko mwendo wa asubuhi moja kwa matatu kutoka Kisumu. Viweke pamoja fedha za mashine moja ya eksirei na hadubini moja, katika chumba kimoja chenye betri za kuhimili stima ikipotea, mtaalamu mmoja au wawili walioajiriwa kwa kazi hiyo pekee, na mkataba wa matengenezo unaolipwa kabla ya keki. Mwanafunzi aje na unga wake asubuhi, aondoke na matokeo jioni. Nani ataitwa mwenyeji wa chumba hicho, wapigiane kura.

Pesa? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema hazina ya kitaifa ya utafiti itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Hatujawahi kufika hapo, na mimi si mtoto, siombi asilimia 2 yote. Naomba chumba kimoja.

Binti bado yuko. Kila muhula unaoongezeka unamjia na ada yake, na asubuhi hufundisha kemia shule ya sekondari ya kutwa ili ailipe. Juzi alinipigia kuuliza kama zile sampuli mbili zisizo na lebo zinaweza kutambulika. Nimemwambia alete unga uliobaki kabatini tuupime rangi na uzito, pengine tutabahatisha. Kama haitawezekana, tutawasha tanuri upya Jumatatu, stima ikiwapo.

Mtaalamu wa maabara,
Kisumu.