Barua kwa mwanangu: gongo hilo la besiboli usilipeleke kukwanguliwa

Idrisa mwanangu,

Jana usiku ulipokuwa unafunga mabegi nilikusikia ukiongea na mwenzako kwenye simu, kwamba huko chuoni kuna jamaa anakwangua magongo ya besiboli na "kila mtu anapeleka". Nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwepo. Naandika kwa sababu tukilizungumza utaniambia "sawa baba" kabla sijamaliza, na hiyo sawa yako naijua.

Usilipeleke.

Kazi yao naifahamu. Wanang'oa kifuniko cha kichwani, wanakwangua ndani kama nazi kwenye mbuzi mpaka ukuta wa tumbo la gongo ubaki mwembamba, kisha wanabandika kifuniko kwa gundi. Kwa nje huoni kitu. Mpira ukigonga, ukuta unabonyea halafu unaurusha kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu tangu 2011 vyuo vya Marekani vina kipimo cha BBCOR, yaani jinsi gongo linavyourusha mpira, kisichozidi 0.50, ili gongo la chuma lisiipite sana mbao. Siku hizi wanayabana magongo kwa kifaa kabla ya michezo, na lililolegea linawekwa kando.

Lakini si kukamatwa kunakoninyima usingizi. Mrushaji anaanzia futi 60 na inchi 6 kutoka kwako, na akishauachia mpira amekusogelea zaidi, glavu yake iko chini. Mwaka 2003 kule Montana kijana wa miaka 18 alipigwa kichwani na mpira uliotoka kwenye gongo la alumini, akafa. Wala hakuna aliyesema gongo lile lilichezewa. Sasa wewe uongeze? Kwa mtoto wa mwenzio?

Najua utakuja na la enzi zetu. Ni kweli, magongo yetu yalikuwa makali kuliko haya. Fainali ya vyuo kule Omaha ya 1998 iliisha 21 kwa 14! Mpira uligonga karibu na mpini na bado ukavuka vichwa vya walinzi. Wastani wangu wa upigaji ambao shangazi yako anawatajia wageni, sehemu kubwa ni alumini ile. Yaliyonipata majira ya joto nilipopewa mbao unayajua, nisiyarudie. Kwa mbao, panapopiga vizuri ni inchi chache tu chini ya kichwa. Ukipakosa, ganzi inapanda mpaka kwenye meno.

Kupiga unajua. Mikono yako ina kasi ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo, na ukiwa na straiki mbili, ya tatu unatolewa, hubabaiki. Nakusifu kwa kalamu, mdomo wangu mzito. Ila unataka kila mpira uvuke ukuta, na hilo gongo la inchi 34 umelichukua kwa sababu rafiki yako analo. Mpira wa maili 90 kwa saa unakufikia kwa sekunde 0.4 hivi, na gongo refu linachelewa. Tony Gwynn, mtoto wa San Diego State, alitumia gongo dogo kuliko wenzake wengi wa ligi kuu, akamaliza na wastani wa .338, yaani alifanikiwa zaidi ya mara moja katika kila tatu, na mataji manane ya upigaji. Aliuacha mpira umfikie, akaupenyeza upande wa pili, kati ya mlinzi wa besi ya tatu na shotistopu, yule anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu. Rudi kwenye inchi 33. Gongo unaloweza kulizuia katikati ya safari ukishaona mpira ni mbaya, hilo ndilo lako.

Na usinitajie topido, yale magongo ya mbao yenye umbo jipya. Siku ile ya Machi 2025 Yankees wa New York walipopiga homurani tisa, yaani mipira tisa ya kuvuka ukuta, Aaron Judge wao alipiga tatu kwa gongo lake la siku zote. Tena topido ni halali, mbao imehamishwa tu pale inapohitajika. Lako litakuwa limechezewa kwa ndani.

Halafu gongo lile ni la zaidi ya dola 400 nilizolipa mimi. Likishafunguliwa, dhamana imekufa, na likipasuka usinipigie simu.

Kadi ya bima ya gari iko kwenye kijidroo cha mbele. Angalia oili kabla hujaingia barabara kuu, wewe husubiri mpaka taa iwake. Mama amekuwekea unga wa sembe na kopo la achari, usilifungue garini. Bibi wa Tanga mpigie Jumamosi asubuhi. Usimpigie ukitoka mazoezini jioni, kule ni usiku wa manane, mara ya mwisho alidhani kuna msiba. Mdogo wako ameshauliza kama chumba ni chake sasa. Nimemwambia asubiri.

Gongo la mbao nimelitia kwenye begi, lifanyie mazoezi ukiwa peke yako. Na lile la chuma ukifika nipigie picha upande wa kifuniko, kwa karibu. Kila mwezi nitaitaka.

Baba yako